Kutu Isiyokwisha Mlangoni

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla sijafanya ujinga tena, maana nakuandikia na msumari uko mezani. Mimi ni dereva mstaafu, mama watoto alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na simu zao ni "baba hujambo, haya baba kwaheri", na humu ndani sauti ninayoisikia sana ni ya friji. Nina gari dogo la buluu, kuukuu, na chini ya mlango wa dereva ilitoka kutu kidogo tu, kama kifungo cha shati, nikasema mimi si wa kushindwa na hiki, nikasugua kwa msasa, nikazungushia tepu, nikapaka rangi, na nilipobandua tepu, lahaula, kiraka cha mraba kinang'aa peke yake kwenye mlango uliopauka kwa jua.

Ndipo akapita fundi rangi wa gereji ya mtaa wa pili, akasimama, akasema, "Mzee, gari lako limefungwa plasta?" Nilicheka mpaka machozi. Akanieleza kosa langu ni tepu, kwamba rangi mpya haikatwi kwa mstari, inapulizwa katikati kisha inapunguzwa kidogo kidogo kuelekea pembeni mpaka mtu asijue imeishia wapi. Basi akawa anakuja jioni akishafunga kazi, leo anakwangua, kesho anajaza puti ya kusawazisha mashimo, tunangoja ikauke, namtilia chai, tunabishana mpira, "Wewe mzee timu yako ilishakufa, izike tu upumzike," na mimi tangu mchana naangalia saa kama mtoto anayengoja mgeni.

Kazi ilipokaribia kwisha nikaingiwa na hofu, nikachukua msumari nikakwaruza palepale. Akaja, akainama kutazama, akauliza, "Nani kafanya hivi?" Nikasema labda watoto wa jirani. Akaanza upya. Nikarudia tena. Sasa jana amepuliza rangi ikatulia, hata nikiinama sioni kiraka kilipokuwa, naye akaniambia, "Wiki ijayo vanishi ya kung'arisha, mzee wangu, halafu nakuacha upumzike." Jamani, nimepumzika vya kutosha! Nikikwaruza namkosea, nisipokwaruza haji tena. Nifanyeje?

Dereva Mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo. Weka huo msumari mbali ndipo uendelee kusoma.

Barua yako ilinitoa machozi, kisha ikanipandisha hasira. Watoto wa jirani wamekukosea nini hata uwasingizie? Unaona haya kumwambia mtu mzima mwenzio "usiache kuja", lakini huoni haya kumwinamisha mlangoni jioni baada ya jioni, na mgongo wake umeshainama kutwa nzima! Upweke si aibu hata kidogo. Huo mchezo wako ndio wa aibu.

Na wala hujamdanganya mtu. Kaka yangu hupiga rangi magari, nikamsomea barua yako. Akacheka sana. "Dada, kutu inavimba kutoka chini ya rangi. Mkwaruzo wa msumari hata anayejifunza kazi anaujua. Na kutu ya ukubwa wa kifungo haimalizi jioni zote hizo, labda fundi mwenyewe awe hana haraka."

Umesikia? Alijua tangu mkwaruzo wa kwanza. Alijua, akachukua msasa, akaanza upya, akanywa chai yako. Sasa niambie, nani anamngoja huyo nyumbani kwake? Ana mke? Ana watoto? Barua nzima umenieleza saa yako, friji yako, hofu yako, na yeye sijui hata anakula na nani. Nadhani nawe hujui, kwa sababu hujamuuliza.

Siku ya vanishi ikifika mwache aipige, wala usiiguse mpaka ikauke sawasawa. Kesho asubuhi nenda kwa mama wa wale watoto ukamtake radhi, hata kama hakusikia ulivyowasema. Fundi akimaliza, usimkaribishe tena. Wewe ulimtilia chai tu. Aliyekuwa akifunga gereji na kutembea mpaka kwako ni yeye. Muulize anakaa wapi. Jioni inayofuata vaa shati safi, toka humo ndani, nenda kwake ukapige hodi.