Nafasi Tuliyoiacha Wazi

Bunda, Jumapili

Kwako dada Pelagia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Geita, wewe na shemeji na wapwa zangu. Mimi mwili mzima, chuo kinaendelea, na vumbi la Bunda unalijua mwenyewe. Mama naye hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Ningekupigia simu, ila najijua: ningeikata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwenye karatasi angalau hunioni uso.

Nianzie darasani. Wiki hii nilikuwa nafundisha takwimu za mwanzo, zile alama zinazowatoaga wanafunzi jasho. Niliwaeleza kwamba n ni idadi ya watu tuliowauliza, na x yenye mstari kichwani ni wastani wao. Wakaibatiza "x ya kofia," tukacheka. Nikawaambia ile herufi ya Kigiriki, myu, ni wastani wa watu wote, na huo mara nyingi hatuujui, tunaukisia tu kupitia hao wachache. Sasa mwanafunzi mmoja, mahali ambapo nyumba moja haikujibu, alikuwa ameandika sifuri, wastani wote ukaanguka. Nikamgombeza. Nikamwambia sifuri ni jibu, maana yake umepima ukakuta hakuna kitu. Usipojua, unaacha nafasi wazi, huijazi kwa kubahatisha. Nikiwa bado naandika ubaoni nikasikia mtu anakohoa nyuma ya darasa. Kikohozi cha kaka Mugeta, dada, kile cha sigara kinachoishia kama anacheka. Niligeuka hadi chaki ikanidondoka. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Usiseme nimechanganyikiwa. Nyumbani Nyegina wote tunamsikia. Tangu ule mtumbwi wa dagaa ulipopinduka mbele ya Makoko, wenzake wakapatikana wakazikwa, kaka yetu peke yake ziwa halijamrudisha, na mama hajakubali tukae matanga. Jioni anamwekeaga maji ya kuoga. Kandambili zake ziko pale pale mlangoni, na wifi yako Nyangi anaapa kuna asubuhi anazikuta zimelowa. Nilimwambia mke wa kaka asitutishe, huo ni umande. Halafu nikazishika mwenyewe. Zilinuka dagaa.

Jana nilienda, nikakuta wazee wa ukoo wamekaa na mama. Wanataka tuzike mgomba mahali pa mwili, kama wanavyofanyiwaga waliopotelea ziwani, ili Mugeta atulie na Nyangi naye aachiwe. Kwa sasa si mke, si mjane. Sokoni Mwigobero watu hawajui hata wampe pole au wamuulize mume hajambo. Mama akakataa katakata. Akasema hawezi kufukia mgomba akauita mwanawe. Mwisho akasema atakubali neno la mtu mmoja tu, mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomea mambo ya uwezekano, na eti tangu nizaliwe sijawahi kumdanganya. Nikisema Mugeta amekufa, atalia, atazika. Wazee wote wakanigeukia. Nikaomba nipewe hadi Jumamosi ijayo.

Sasa hapa ndipo ningekata simu. Wazee walipoondoka, Nyangi alinifuata nyuma ya jiko akaniuliza kwa upole kama mimi naona mumewe atarudi. Nikasema hapana. Dada, nilisema haraka mno. Hata yeye alishtuka, akaniangalia, kisha akainamisha macho. Nampenda Nyangi. Sijamgusa wala sijamwambia, ila nadhani jana alijua. Na wazee wameshanong'ona kwamba mgomba ukishazikwa, wa kumrithi ni mimi.

Darasani nawaambiaga kwamba mpimaji mwenye hamu ya jibu fulani anaharibu kipimo bila hata kujijua. Basi mpimaji mwenyewe ndiye mimi. Akili inaniambia mtu hawezi kukaa majini muda wote huu akawa hai. Sawa. Lakini kila nikiisikiliza akili, naisikia inaongea kwa sauti ya huyu anayemtaka mke wa kaka yake, na siwezi kuzitenganisha sauti hizo mbili. Naogopa, dada. Naogopa nitamzika ndugu yangu kwa tamaa, halafu mama anishukuru kwa kumwambia ukweli.

Kwa hiyo nakusihi, njoo kabla ya Jumamosi. Mama nitamwambia neno langu nimekuachia wewe. Sema wewe mbele ya wazee, iwe ndiyo, iwe hapana, nitapokea. Nikisimama mimi, mama ataniamini, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba anawakumbuka. Ukifika Nyegina, taja jina lako kwa sauti ungali barabarani, ndipo upige hodi. Siku hizi kila hodi mama anainuka akitabasamu.

Ni mimi mdogo wako,
Clementi