Mwenye Jumanne

Winnipeg, Kanada
18 Septemba 2022

Kwa ndugu yangu Mwiti,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Nkirote mkeo, na mashine yako ya kisima bado inanguruma. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi imeshaanza kubisha hodi.

Hooyo, mama yetu, ameniambia kwa simu kwamba ameiacha ile nyumba ninayomlipia Garissa amerudi huko Hulugho kwa mbuzi wake. Nyumba ina stima, ina mfereji, ina dada yangu Kaltun wa kumpikia, na mama yangu anaona afadhali alale porini na wanyama. Nimekasirika mpaka chakula hakishuki. Watu wa Garissa watasema Salah yuko ng'ambo na mama yake anachunga. Mwangalie, tafadhali. Wewe ni mwanawe pia. Chai yake ya maziwa ya ngamia umeinywa tangu tukivaa kaptula za shule.

Sasa nikuchekeshe. Nimenunua tiketi za msimu za hoki. Si ile ya shuleni ya vijiti nyasini. Hii wanacheza juu ya barafu wamevaa viatu vya visu, wakikasirika wanatwangana ngumi na refa anatazama. Mchezo wenyewe sijauelewa wala sina haja. Abiria mmoja wa teksi yangu alinitobolea siri: unanunua viti viwili vya msimu mzima, unalipa mapema, bei ya chini. Halafu timu kubwa kama ya Toronto ikija mjini, watu wanawehuka kutafuta kiti, na wewe unawauzia kwa bei yako. Ukiuza michezo mikubwa tu, gharama ya msimu wote imerudi. Zile siku za timu dhaifu ambazo hakuna anayezitaka, unaenda kukaa mwenyewe bure ukila bisi.

Juzi jirani yangu, mzee mmoja Mzungu, alikuja kuniomba nimwachie tiketi moja kwa bei niliyonunulia. Ana mjukuu mgonjwa anayeipenda timu. Nilimwambia kiti hakijui mgonjwa ni nani. Alilipa, Mwiti. Alilipa mara mbili na akanishukuru.

Msalimie Hooyo. Mwambie arudi mjini.

Ndugu yako,
Salah


Garissa
2 Novemba 2022

Kwa ndugu yangu Salah,

Waaleikum salaam. Sisi tu wazima ingawa hali ni ya kuvumilia. Nkirote ana mimba na miguu inamvimba, lakini hajambo. Mlingoti wa simu wa Hulugho ulilipuliwa mwezi uliopita, barua hizi za simu hazitoki, ndiyo sababu ya kimya changu. Nakuandikia nikiwa Garissa nilikofuata spea.

Hooyo yuko salama. Ana mbuzi wake na yule ngamia jike mweupe ambaye bado anatoa maziwa. Nimemfikishia maneno yako. Akasema nyumba ya Garissa ni nzuri sana, lakini humo ndani hakuna hata kiumbe kimoja kinachomngoja yeye asubuhi. 

Ndugu yangu, mvua imetukataa tena. Mabwawa yamekauka na kila mwenye mnyama anakimbilia kisima chetu cha mashine. Sasa pampu imechoka na kamati ya maji haina pesa, si za pampu wala za dizeli. Wameniomba niwaandikie vijana wetu walio nje. Chochote utakachochanga, Mungu atakuongezea.

Wako,
Ndugu yako Mwiti


Winnipeg
10 Novemba 2022

Kwa Mwiti, ndugu wa tangu utoto,

Salaam nyingi. Mpe Nkirote pole ya miguu. Mimi mzima, theluji imefika magotini.

Mchango sitoi. Nimechoka kuwa mtungi wa watu, kila mwenye kiu anakuja na kikombe chake. Lakini nina neno bora kuliko mchango. Iambie kamati nitanunua pampu na nitalipa dizeli mpaka mvua inyeshe. Wao wanipe siku moja ya birika la kunyweshea mifugo, kila wiki, iwe yangu msimu wote wa kiangazi. Siku hiyo anayetaka kunywesha ananunua kwangu. Ni hesabu ile ile ya hoki. Sasa hivi siku ni rahisi. Februari, jua likiwa limewakalia utosini, watailipia kama mchezo wa Toronto.

Wewe utakuwa mtu wangu hapo. Theluthi moja ya faida ni yako. Mtoto anakuja, usijifanye huitaki. Jina langu usilitaje, hata kwa kamati. Sharti moja tu: hakuna cha bure. Hapa nimeona watu wakigawa tiketi kwa marafiki, msimu ukiisha wanalia.

Ndugu yako,
Salah


Hulugho
19 Desemba 2022

Kwa ndugu Salah,

Hujambo huko kwenye theluji? Sisi tunapumua. Mlingoti umesimamishwa tena, unashika asubuhi asubuhi.

Kamati imekubali na pampu mpya inavuta maji vizuri. Wamekupa Jumanne. Ni lazima nikwambie jinsi ilivyokuwa. Jumanne ilikuwa siku ya wajane na wasiojiweza, walikuwa wakinywesha bila malipo tangu kisima kichimbwe. Siku nyingine zote zina wanaume wa kuzisemea, na wajane hawakai kwenye kamati. Ikapita bila ubishi. Wameambiwa watanywesha siku nyingine, wenye siku wakimaliza, kama maji yatabaki. Hayabaki.

Na Hooyo ni mjane, Salah. Jumanne ilikuwa siku yake. Mpaka sasa nimekuwa nikimwingiza kimyakimya, mbuzi wake wanakunywa na sijamtoza kitu.

Kuna mfanyabiashara wa ngamia anaitwa Alio. Anazitaka Jumanne zote mpaka mvua, birika zima, asichanganywe na mtu. Bei aliyotaja ilinifanya nikae chini. Nimemwambia nitamuuliza mwenye siku.

Wako,
Ndugu yako Mwiti


Winnipeg
8 Januari 2023

Mwiti,

Salaam. Niko mzima. Nilisoma barua yako nikiwa uwanjani, timu dhaifu inacheza, viti vya pembeni vitupu, na nikacheka peke yangu watu wakanitazama.

Muuzie Alio. Zote. Swali hilo halikuhitaji barua.

Kuhusu Hooyo, nisikilize vizuri. Miaka mitatu namwomba mama huyu akae mjini kama mama za watu. Nimebembeleza, nimetuma wazee, nimelia kwa simu. Mbuzi ndio wanaomshika huko. Usimpe maji. Usimwambie ni mimi, mwambie tu siku imenunuliwa. Mbuzi wakianza kuanguka atawauza waliobaki na atateremka Garissa kwenye kitanda chenye godoro. Utaniona katili. Mwana akimnyang'anya mama yake mzigo wa kuni, huo nao ni ukatili?

Na usinitajie wajane tena. Wajane wa Hulugho sikuwafisha waume zao.

Salah, ndugu yako


Hulugho
7 Februari 2023

Kwa ndugu Salah,

Natumai u mzima. Nkirote anakaribia, sisi wengine tupo.

Nimefanya ulivyosema. Alio amelipa nusu, sehemu yako nimekutumia. Hooyo alikuja Jumanne, nikamwambia siku imenunuliwa. Alidhani namtania. Akakaa kwenye kivuli cha nyumba ya mashine akingoja nimalize utani wangu, ngamia wa Alio wakinywa mpaka jioni. Kisha akawaswaga mbuzi wake wakaondoka. Jumanne iliyofuata alikuja tena. Jana wamekufa watatu.

Ukibadili nia niambie upesi. Alio ni mkali lakini si jiwe, naweza kumwomba arudishe hata siku moja.

Ndugu yako,
Mwiti


Winnipeg
9 Februari 2023

Mwiti,

Hujambo. Pesa zimefika, maashallah. Zimekuja wakati wake, maana klabu inataka tulipie viti vya msimu ujao kabla wengine hawajavinyakua. Nimeongeza viti viwili.

Sibadili nia. Watatu wamekufa, bado wangapi? Wakipungua ataona mwanga. Akikasirika atapoa, mama hamkasirikii mwanawe milele. Mwambie Kaltun atandike kitanda.

Salah


Hulugho
13 Machi 2023

Salah,

Mimi mzima. Nkirote alijifungua mtoto wa kike, wote wawili hawajambo. Nilimpeleka hospitali Garissa kwa ile theluthi yangu. Nakwambia hilo ili usidhani ninayeandika ni mtu safi.

Wiki mbili zilizopita Hooyo alikuja kwangu bila mbuzi. Alinikuta napaka grisi. Akaniuliza, "Mwiti, hizi Jumanne ni za nani? Si za Alio. Alio mwenyewe anasema amenunua kwa mtu."

Nilitaka kumwambia sijui.  Nikasema ni za Salah.

"Salah wangu?"

Nikasema ndiyo. Nikamweleza yote, ya hoki na ya viti, kwamba umelipa mapema na sasa unarudisha gharama. Hata lile la kwamba ulitaka arudi mjini nilimwambia, nikidhani litamtuliza. Kisha akasema, "Basi niuzie kama unavyowauzia wengine. Nisije nikamtia mwanangu hasara ugenini."

Aliondoka akaenda kumuuza yule ngamia mweupe. Alimuuza kwa Alio huyo huyo, kwa bei ya ukame, na kwa hizo pesa akanunua Jumanne moja. Alio alimwachia kwa bei aliyokulipa wewe, akaniwekea mimi pesa hizo mkononi akisema ni za mwenye siku, na kuondoka bila kunitazama usoni. Nilimkimbilia Hooyo nikitaka kumrudishia zote. Akaficha mikono chini ya shuka.

Jumanne ilipofika alikuja na mbuzi wake waliobaki na akawaita wajane wote. Walinywesha kutwa nzima kwa siku yake. Wanawake wakamwombea dua aliyefanya wema ule. Yeye akaitikia amina pamoja nao, na hakumwambia hata mmoja siku zile ni za nani.

Baada ya hapo hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Mbuzi wamekwisha. Siwezi kukuficha, wamekwisha wote.

Mwiti


Winnipeg
14 Machi 2023

Ndugu yangu Mwiti, hongera ya mtoto.

Kwa nini ulimwambia? Nani alikutuma? Nilikupa kazi moja tu ya kufunga mdomo.

Mwambie Alio namrudishia pesa zake zote, azirudishe Jumanne. Nunua ngamia mwingine leo, mweupe, wa maziwa. Nunua na mbuzi, wengi kuliko aliokuwa nao. Bei usiniulize. Nampigia Hooyo hapatikani.

Ndugu yako,
Salah


Winnipeg
25 Machi 2023

Ndugu yangu,

Ramadhan kariim. Hujajibu. Kaltun anasema Hooyo ameshafika Garissa, lakini kila nikipiga anampa Kaltun simu. Hasemi hataki kuzungumza nami, anasema tu anatengeneza futari. Saa zote nikipiga anatengeneza futari.

Mwiti, usiku nafuturu peke yangu. Ile nia yangu ilikuwa njema, wewe unajua. Nenda Garissa ukakae naye. Mwombee kwa niaba yangu anipe radhi yake. Mwambie nimevirudisha vile viti viwili vya ziada, na vile vya kwanza navyo nitavitupa. Mwambie Idd nitakuja mwenyewe nipige magoti mbele yake. Mtu asiye na radhi ya mama anaenda wapi, ndugu yangu? Nijibu.

Mwanawe, na ndugu yako,
Salah


Garissa
24 Aprili 2023

Salah,

Natumai uliiona Idd salama. Sisi hatujambo, na mtoto anakua.

Mvua imenyesha. Imenyesha sana, barabara ya Hulugho imekatika na ndiyo iliyonichelewesha. Mabwawa yamejaa na Jumanne hainunuliwi tena na mtu. Nilimnunulia Hooyo ngamia uliyemwagiza na mbuzi pia. Akaagiza wapewe wale wajane wa Hulugho, wote, akasema yeye ni mtu wa mjini sasa.

Nilikaa naye sikukuu nzima katika ile nyumba yako. Ni nyumba nzuri. Anaamka mapema kama zamani, anakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini mpaka kuche, na Kaltun anasema hafanyi kingine. Majirani wakija anawaambia ana mwana Kanada anayemtunza vizuri. Hajakusema vibaya kwa mtu yeyote.

Nilimfikishia maneno yako yote, sikupunguza, na nililia nikiyasema. Nikamwomba akupe radhi. Akasema, "Sina kinyongo naye. Nilimlipa siku yake. Hatudaiani."

Nimeishi na ninyi tangu utoto, Salah. Neno hilo nimelisikia Wasomali wakiambiana sokoni, ng'ombe akishauzwa na kulipiwa. Sijawahi kumsikia mama akimwambia mwanawe. Nilimbembeleza alitengue. Nikamwambia kwamba utakuja, kwamba umeshatafuta ndege ingawa Idd hukuiwahi. Akasema usihangaike, nauli ni ghali, wewe ni mtu wa hesabu na utaelewa.

Pesa za ngamia wake nimezituma kwenye akaunti yako pamoja na zilizobaki za Alio, ambaye alikataa kurudishiwa. Kwangu hazilali.

Wakati naaga akaniambia nitakapokuandikia nikusalimie, wewe na watu wako. Nikamwuliza, "Hooyo, watu wake si ni wewe?"

Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Mwiti