Injini Iliyoombewa Dua

Itigi, penye reli

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, ila barua hii uisome kwanza peke yako. Habari za Kinampanda? Mtama umesimama, au ndege wamewashinda? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kazi tuliyopata mimi na mdogo wangu Ramadhani, pamoja na wapagazi wengine, ilikuwa kubeba injini ya eropleni iliyoanguka karibu na Mtinko, tuifikishe kwenye reli. Lori lilizama kwenye tope la masika. Injini yenyewe ni duara, silinda zake zimezunguka kitovu, na uzito wake usiombe. Fundi Mzungu aliifunika kwa kitambaa cheupe cha bawa lililochanika, tukaifunga kwenye miti, tukaitwika mabegani.

Basi kila tuliyekutana naye alidhani ni maiti. Watu walivua kofia, wakaingiza mabega wapate thawabu. Nilitaka kuwaambia ukweli, Ramadhani akanikonyeza: “Nyamaza, kaka. Bega likija lenyewe usiliulize jina.” Unamjua mwanao kwa utani. Tulicheka mpaka Ikungi.

Tulipoipita Ikungi, kwenye korongo, mti mmoja ulivunjika. Injini ikamwangukia kifuani. Baba, Ramadhani hatunaye. Alikata roho kabla hatujamaliza kuiinua.

Mzungu alisema garimoshi halingoji mtu. Wenzetu wakaamriwa waendelee na injini. Nikabaki na mpagazi mmoja tu, Mgogo wa Manyoni, mtu mwema. Tulimviringisha ndugu yangu katika blanketi langu, tukamfunga kwenye mti mmoja kama mzigo, maana tulikuwa wawili. Njiani tukakutana na wanaume wanarudi kutoka mbele. Nikawaomba bega.

“Poleni sana, ndugu zetu,” mmoja akasema. “Marehemu wenu tumeshamsindikiza huko mbele, na dua tumemwombea. Mzigo huo mtafika nao.”

Nikalia. Wakadhani namlilia yule wa mbele, wakapita.

Tulimzika sisi wawili. Kaburi nimelizungushia mawe, nitakuja nikupeleke ulione. Uchungu huu, baba, sijui niuweke wapi.

Nisalimie bibi, na dada yetu mkubwa pamoja na shemeji. Mchumba wa marehemu aambiwe taratibu na shangazi, asisikie sokoni.

Mama atakuuliza ni watu wangapi waliombeba mwanawe. Mwambie barabara nzima ilitoa mabega.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye,
Athumani