Kiti cha Muujiza Kimo Kwenye Buti ya Makena

Mama Philister, nakusoma kila gazeti lako linapofika kwenye duka la Waafrika hapa Brooklyn Center, na kusema kweli nilikuwa nawacheka wanaokuandikia. Leo zamu yangu imefika, nicheke na wewe, lakini ukimaliza unisaidie.

Mimi ni Mkongo niliyekulia kambini Tanzania, nimeolewa, nina mtoto mmoja, Reine, ambaye hajaota hata jino. Mume wangu Eliezer anafanya kazi kwenye ghala kule Savage, mimi nahudumia wazee, na tunakaa na mama yake, ambaye kanisani kwetu ndiye mkubwa wa kina mama wa maombi, akikohoa tu watu wanasimama. Shida yangu ni kiti cha mtoto cha gari. Kabla mimi sijafika Amerika, mzee mmoja wa kanisa letu, Twagirayezu, aliteleza na gari lake kwenye barafu na lori likamgonga, gari likakunjika kama boksi la sabuni, yeye akavunjika bega na mkewe mbavu, lakini mtoto wao mchanga alitolewa ndani ya kiti chake amelala, hana hata mkwaruzo, mpaka polisi akashika kichwa. Kiti kikaletwa kanisani, kikawekwa mbele ya madhabahu, kikapakwa mafuta, ushuhuda ukatolewa mpaka watu wakaanguka chini, na tangu siku hiyo kila mtoto anayezaliwa kanisani kwetu anapakiwa kwenye kiti kile mpaka kisimtoshe tena, halafu kinapita kwa mwingine, na mtunzaji wake ni mama mkwe wangu, anakifunga kwa kitenge anakiweka juu ya kabati. Mke wa Twagirayezu amezaa tena baada ya hapo, yeye anampakia wake kwenye kiti kipya cha dukani, anasema kile sasa ni cha kanisa.

Siku ya kutoka hospitali na Reine, nesi alikuja kutazama kiti akauliza kama kimewahi kupata aksida, yaani ajali. Kiingereza changu ni kidogo lakini hilo nililielewa. Eliezer akamjibu "No," bila hata kumeza mate. Tulipoingia kwenye gari nikamuuliza, Baba Reine, mbona umemdanganya nesi? Akasema, "Ile haikuwa aksida. Ile ilikuwa muujiza." Na mama yake kule nyuma akaitikia, "Amina!"

Nikafunga mkanda wangu, kubishana si kazi yangu katika nyumba ile. Halafu mtoto akatapika, nikavua kitambaa cha kiti nikifue, nikaona plastiki ya chini ina ufa mweupe, umeanzia pale mkanda unapopita ukapanda mpaka mgongoni, ukibonyeza panalia. Nikamwita mama mkwe aone. Ufa hakuutazama, alitazama beseni. "We mwanamke, unafua mafuta ya upako na sabuni ya unga?" Nikamwambia mama, tazama hapa. Akasema, "Watoto wote wale wamekikalia, hakuna aliyekufa, ni wako tu ndiye mayai? Imani yako uliisahau kambini?"

Kazini nina mwenzangu Mkenya, Makena, ndiye aliyenipeleka kwenye kliniki moja mtaa wa Frogtown wanakofundisha wazazi kufunga viti na kuwapa kipya, nikapewa, nikarudi nacho nimefurahi. Eliezer akasema ni kizuri, akakishusha besimenti, stoo ya chini ya nyumba. Nilipokitafuta wiki iliyofuata nikakuta kimejaa viazi.

Basi nikafanya nililofanya. Asubuhi moja Eliezer yuko kazini na mama mkwe yuko kwenye maombi, nikakichukua kile cha muujiza pamoja na kitenge chake, nikampa Makena, akakitia kwenye buti ya gari lake, na mpaka leo anazunguka nacho mjini kama anasafirisha maiti. Nyumbani nikasema sijui. Reine sasa anapakiwa kwenye kile kipya, tulivimwaga viazi, Eliezer anasema ni cha muda tu mpaka cha Bwana kipatikane.

Lakini, Mama Philister, lawama imemwangukia mtu mwingine. Kuna dada anaitwa Goretti, ana mimba kubwa, ndiye aliyekuwa afuate kupewa kiti, na wanasema ameshindwa kungoja zamu akakiiba. Jumapili hakuna aliyekaa benchi lake. Mumewe ametolewa kwenye kwaya. Mama mkwe amefunga, anaomba mwizi afichuliwe, na mimi ndiye ninayempikia uji wa kufungulia. Goretti alinililia, nikamshika mkono nikamwambia, "Mungu anajua." Akaniambia, "Dada, ukisikia kiliko uniambie, mimi sitawagombeza, nataka tu mtoto wangu akipande kama wengine."

Nikikirudisha, mtoto wake atakipanda. Nikisema ukweli, Eliezer ameapa kwamba mwizi wa kile kiti hata akiwa ndugu yake hatavuka mlango wake, naye hajui anakula naye sahani moja. Nikinyamaza, yule dada atajifungua akiitwa mwizi. Nifanye nini?

Mama Reine, Brooklyn Center

*

Mama Reine,

Pale pa viazi nimecheka, siwezi kukuficha. Kwingine kote nilikuwa natafuta kitu cha kurusha.

Tuanze na plastiki, kwa sababu yenyewe haina dhehebu. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililokunjika hakipakiwi mtoto tena, hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Kazi yake ni kuumia badala ya mtoto, na hicho kiliifanya, mara moja, vizuri sana. Ufa uliouona ndiyo risiti. Geuza pia uangalie chini au mgongoni: viti hivi hupigwa tarehe ya mwisho kwenye plastiki yenyewe, kama maziwa, na chenu naona kimezeeka kikizunguka kwa watoto wa watu. Mama mkwe anasema wamekikalia wengi na hakuna aliyekufa. Ni kweli. Walikuwa wanapelekwa kanisani na kurudishwa, na hakuna lori lililowagonga. Tangu siku ile ya barafu hakuna aliyekijaribu kile kiti, na anayetaka kukijaribu aweke kitako chake, si cha mtoto mchanga.

Kuna jambo umeliandika haraka haraka ukalipita. Mke wa Twagirayezu, mwenye muujiza, aliyevunjika mbavu pale pale kando ya kiti, mtoto wake wa pili hampakii humo. Kile amewaachia watu wa kanisa. Alikuwa ndani ya lile gari, alisikia plastiki ikilia. Nyinyi mlisikia ushuhuda.

Na Eliezer wako, usinifanye nimwonee huruma. Mtu anayeamini ule ulikuwa muujiza angemsimulia nesi pale pale wodini, mpaka nesi atafute pa kutokea. Yeye alisema "No." Alijua akijibu ukweli kiti hakitoki hospitali na mtoto ndani yake. Kwa hiyo msibishane habari ya imani, wewe na yeye. Mwulize kwa upole, mama yake akiwa anasikia, kwa nini muujiza ulihitaji kufichwa.

Sasa wewe. Kukiondoa ulifanya vyema, na Makena mpe salamu zangu. Lakini baada ya hapo umefanya uchafu, dada yangu, na sitakupaka mafuta. Mwanamke mwenye mimba anaitwa mwizi kwa jambo ulilofanya wewe, anakuja kulia kwako, unamshika mkono unamwambia Mungu anajua! Mungu anajua, ndiyo. Na wewe unajua, Makena anajua, na sasa mimi najua. Asiyejua ni Goretti. Tena anakiombea hicho kiti. Ukinyamaza na siku moja wakikikuta, watamrudishia kwa nyimbo na vigelegele, na mtoto wake ataingia humo. Ulimwokoa wako ukaona inatosha.

Majina yenu nimeyabadilisha, lakini kiti hakina jina la kukifichia. Gazeti likifika dukani, watu wa kanisa lenu watakitambua kabla hawajafungua ukurasa wa pili. Ndiyo maana majibu haya nilikusomea kwa simu kabla hayajapelekwa kuchapwa, upate kulitangulia gazeti, nawe ulilia, nami nilikungoja ukamaliza. Nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wenye viti vya namna hiyo juu ya makabati.

Nenda kwenye buti ya Makena na mkasi. Kata mikanda yote, usibakize hata mmoja wa kuungwa. Vua kitambaa. Chukua kalamu nene uandike juu ya plastiki kwamba kimepata ajali kisitumike, kisha tupa kila kipande mahali pake. Usikiache kizima kando ya pipa la taka. Mji huu una mama mwingine atakayekiokota na kushukuru. Kitenge ni cha mama mkwe, mrudishie. Mpigie Twagirayezu umwambie ulichofanya, maana kama kiti kina mwenyewe ni yeye, na umwombe yeye na mkewe wasimame Jumapili waseme kwa vinywa vyao kwa nini mtoto wao wa pili anapanda kipya. Wakikataa, utakuwa umewajua waliowatoa watoto wenu kwa majaribio.

Hicho kipya nacho hakitafanya kazi kwa upya wake. Reine atazame nyuma ya gari, si mbele. Mkivuta kiti pale mkanda wa gari unapopita kisicheze zaidi ya upana wa kidole gumba. Klipu ya kifuani ikae usawa wa kwapa. Na lile koti lake nene la theluji mvue kabla ya kumfunga, mikanda ilale juu ya nguo nyepesi, halafu mfunike blanketi juu. Najua bibi yake atapiga kelele kwamba unamgandisha mtoto. Mkanda uliofungwa juu ya koti lililojaa hewa unafunga koti, na mtoto anabaki bila kufungwa.

Eliezer naye mwambie wewe mwenyewe, asikie kutoka kwako. Kabla ya hapo hakikisha Makena ana kitanda cha ziada, kwa sababu mwanamume aliyeapa mbele ya mama yake huwa hodari kwa siku kadhaa. Wala sikuahidi kwamba kanisa litakuelewa. Waliomhama Goretti benchi hawatapenda kuambiwa walimhama bure, na watatafuta mtu wa kumchukia ambaye si wao.

Lakini Goretti anatangulia, kabla ya mume, kabla ya mchungaji, kabla hata ya mkasi. Usimpigie simu. Nenda kwake, mumewe akiwepo, umwambie ni wewe, kisha umwambie kuhusu ule ufa, na ujitolee kumpeleka Frogtown apate kiti chake. Anaweza kukufungia mlango, ana haki. Akifunga, usiondoke. Simama hapo hapo nje useme kwa sauti, majirani nao wasikie, aliyekichukua ni nani na kwa nini mtoto wake asikipande. Uchungu wa kuzaa unaweza kumshika wakati wowote.