Draiva ya Waifai na Sauti ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu. Natumaini kifua cha yule mdogo kimetulia na sasa mnalala usingizi. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka, tunakula na hakuna aliyelazwa. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya: tangu wiki iliyopita roho yangu iko juu juu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utashangaa kupokea karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye mwandiko wangu ulikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Ningeweza kukuandikia kwenye simu. Lakini ungesoma, ungenipigia papo hapo, ungelia, na Baba angesikia yote, maana nyumba hii unaijua, ukikohoa jikoni unaambiwa pole sebuleni. Basi barua hii nitampa mwenzake shemeji anayesafiri kesho. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Nianze na lawama yako. Ulinilaumu kwamba siku ya miadi ya Baba nilizima simu, ukakaa siku nzima hujui kama mzee yu hai. Lawama naipokea. Niliizima kwa sababu kila ilipolia ilinikatiza kazi, na siku hiyo niliihitaji mikono yote miwili.

Miadi yenyewe ilikuwa na yule mtaalamu wa matamshi anayemfundisha Baba kusema upya baada ya kiharusi. Ni mwanamke mpole, lakini wagonjwa wake ni wengi kuliko saa alizo nazo. Tulishakosa kikao kimoja Baba alipopata homa, naye akanieleza taratibu kwamba tukikosa tena, nafasi itakwenda kwa mwingine na sisi turudi mwisho wa foleni. Foleni hiyo ni ya miezi. Na daktari wa hospitali alishaniambia nisichezee miezi hii ya mwanzo, ndipo ulimi unapokubali kufundishwa.

Hali ya Baba umekuwa ukiisikia kwangu tu, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Akili yake ni nzima. Anakumbuka mpaka rangi ya viatu ulivyovaa siku ya kwanza ya shule. Ila mdomo umeelemea upande mmoja, mkono wa kulia umelegea, na maneno yanatoka kama yanavutwa kwa kamba kutoka kisimani. Mtu aliyetangaza treni stesheni maisha yake yote, ambaye abiria walishika mizigo na kukimbia kwa kusikia tu anavyosafisha koo kwenye kipaza sauti, leo kuomba chai kwake ni safari.

Mtaalamu huonana naye kupitia ile kompyuta yangu ya mezani niliyoiunga mwenyewe. Nilipoiwekea Linux ulinicheka, ukasema nimeweka mfumo unaotaka mtu awe fundi ndipo asome barua pepe. Siku ile ungecheka mpaka ukae chini. Simu yangu haifai kwa kazi hiyo, kamera yake imekufa, na kuta za nyumba hii zinameza mawimbi. Ukitaka ishike lazima usimame kwenye ngazi za nje. Tunategemea waifai ya mwenye nyumba wetu wa chini, yule mshonaji tunayemwita Mama Mapazia, aliyetupa nywila yake siku Baba aliporudi kutoka hospitali.

Basi asubuhi ile, miadi ikiwa mchana, kompyuta ikaomba kusasishwa kwa faili ilizokwisha kuzipakua siku za nyuma. Nikakubali bila kufikiri, nikijidanganya kwamba namwandalia Baba mashine safi. Ikamaliza, ikazima, ikawaka. Ile alama ndogo ya waifai kwenye kona ya skrini haikuwepo.

Nikueleze kidogo, usinichoke. Ndani ya kompyuta kuna kadi inayonasa mtandao wa hewani. Kadi na mfumo hawaelewani mpaka awepo mkalimani, programu ndogo tunayoiita draiva. Kadi yangu ni ya mtumba, na draiva yake haiji pamoja na Linux. Niliipata kwa mafundi wa mtandaoni, na lazima ijengwe upya kila kiini cha mfumo, yaani moyo wake, kinapobadilika. Asubuhi ile kiini kipya kiliingia, na mkalimani akabaki nje ya mlango.

Nikaandika amri ya kuuliza vifaa. Kadi ilionekana, na namba zake zote. Nikauliza inatumia draiva gani, mashine ikakaa kimya. Nikasema basi nitawasha kwa kiini cha zamani, nikakumbuka nilikifuta nilipokuwa natafuta nafasi kwenye diski. Nikajaribu kuijenga draiva upya. Mashine ikakataa, ikasema haina faili za kiini kipya za kujengea. Na faili hizo ziko wapi? Mtandaoni. Yaani ili nipate mtandao, nilihitaji mtandao. Nikatoka na simu kwenye ngazi nipakue, ikapakua nusu, ikakwama, ikaanza upya, ukapiga wewe, nikaizima. Kijasho chembamba kikanitoka mpaka miwani ikawa inateleza.

Muda wote huo Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka magotini, ananitazama. Nilidhani ana wasiwasi kama mimi. Akafungua mdomo.

“U... si...”

“Usijali?” nikamdakia. “Sijali, Baba, naitengeneza sasa hivi.”

Akafumba mdomo, akageukia dirisha.

Nikaona hakuna njia ila kuipeleka kompyuta chini kwa rauta yenyewe, kile kisanduku kinachotoa waifai. Nikachomoa waya wa umeme na wa skrini, nikalikumbatia kasha kifuani kama mtoto mgonjwa, nikashuka. Mama Mapazia alikuwa amepiga magoti katikati ya vitambaa, futi kamba shingoni, runinga inaongea peke yake. Aliponiona akaacha mkasi.

“Baba kaanguka tena?”

“Hapana, mama, ni kompyuta.”

“Kompyuta ndiyo imekufanya uwe na uso huo?”

Nilipomweleza alisukuma vitambaa pembeni, akazima tamthilia yake iliyokuwa imefika patamu, akasema runinga ni yangu, niitumie kama skrini. Nikarudi juu kuchukua kibodi, tukaunganisha kila kitu, nikachomeka waya wa rauta moja kwa moja. Faili zikashuka kama maji. Nikaanza kujenga draiva. Mistari ikakimbia kwenye runinga, myeupe, halafu ikaja myekundu.

“Hayo maandishi yanatukana?” akauliza Mama Mapazia.

Nikamwambia ndiyo, yananitukana mimi. Draiva niliyokuwa nayo ilikuwa imezeeka kwa kiini kile. Nikatafuta kwa wale mafundi wa mtandaoni, nikakuta mmoja, sijui hata anaishi wapi, ameirekebisha juzi tu. Nikaichukua, nikajenga tena. Safari hii mashine ilikubali. Nikaiamrisha ipakie draiva, na ile alama kwenye kona ikarudi. Nikachomoa waya wa rauta, mtandao ukaendelea vilevile, hewani. Mama Mapazia akapiga makofi mkasi ungali mkononi, akaniambia nikimbie.

Nikapanda ngazi nikidhani nimeshinda. Nikaunga skrini, nikawasha. Alama ipo, ila orodha ya mitandao ni tupu. Hata ya jirani hakuna. Nikaondoa draiva na kuirudisha, nikazima na kuwasha, nikasoma kumbukumbu zote za mfumo, na kila mstari ulisema kadi ni nzima. Saa ya miadi ikawa inaningoja mlangoni. Dada, sikufichi, nilianza kuongea na kompyuta kwa maneno ambayo marehemu Mama angenichapa kibao.

Hatimaye nikaligeuza kasha nitazame nyuma. Kadi ile ina antena yake, kijiti cheusi kilichosimama juu ya sumaku, na waya wake hufungwa kwenye kadi kwa kuzungusha. Haikuwepo. Chini nilikaa jirani kabisa na rauta, ndiyo maana kadi ilinasa bila antena. Huku juu ilikuwa kiziwi. Nikaingia chini ya meza, nikapapasa nyuma ya kabati, nikijiuliza niliidondosha wapi. Kisha nikaikumbuka mikono yangu. Nilichomoa umeme, skrini, kibodi. Hakuna kitu nilichozungusha.

Nikiwa bado chini ya meza nikasikia fimbo ya Baba ikigonga sakafu. Nikatoa kichwa. Antena ilikuwa juu ya shuka lake, ameishika kwa mkono wa kushoto.

Nikamwendea, nikapiga magoti. “Baba, uliifungua wewe?”

Akainamisha kichwa. Baadaye alinieleza kwamba aliifungua jana yake, nilipokuwa bafuni. Kwa hiyo hata nisingesasisha chochote, tungeamka hatuna mtandao.

“U... si... te...” akaanza. Nilikuwa tayari kumdakia, sentensi nzima ninayo mdomoni. Akaninyooshea kidole. Nikanyamaza. Dada, sijawahi kunyamaza namna ile. Mishipa ya shingo ikamsimama, jicho moja likatoa machozi, nami nikayauma meno yangu nisimsaidie.

“U-si-te-nge-ne-ze.”

Kumbe ndilo neno lile la asubuhi. Alikuwa ananiambia nisiitengeneze.

Nikamuuliza kwa nini, halafu nikakaa sakafuni nikangoja. Miadi ilikuwa inapita, nikaiacha ipite.

“Ni-li-m-pi-gia,” akasema. Akapumzika. “Ke...” Ikamgomea. “Ke... Kengele.”

Kengele ni wewe. Hakuna mwingine duniani anayekuita hivyo tangu ulipokuwa mchanga unayelia kuliko kengele ya stesheni.

Haya yafuatayo aliyasema kwa kipande kimoja kimoja, nami nakuandikia yakiwa yameunganishwa. Wiki moja kabla, nilipokwenda kumchukulia dawa, alijivuta mpaka kwenye kompyuta. Akabandika plasta juu ya kamera ili usiuone mdomo wake. Akakupigia kwa mkono wa kushoto. Ukapokea. Ukasema haloo, ukauliza kama ni mimi. Alikuwa anaitafuta ile sauti ya kwanza ya jina lako, iko kooni, haitoki. Akakusikia ukimwambia mtu aliye karibu nawe kwamba mtandao wetu umeanza tena ujinga wake. Ukakata. Akakupigia mara nyingine, ukakata upesi zaidi.

Mtandao haukuwa mbovu, Dada. Siku ile ulikuwa mzima kabisa. Kile kimya kilikuwa ni baba yako anakutafuta.

Ndipo alipoamua kwamba hataki tena mashine, wala mtaalamu, wala kujaribu. Sikuandikii haya kukuumiza. Wewe ulikata simu usiyojua ni ya nani. Mimi niko naye chumba kimoja na namkata kutwa, nampa maji akitaka dirisha, nampa dirisha akitaka kunyamaza, na nilijiona mtoto mwema.

Nilimwambia antena ni yake, na nikiambiwa niiweke kabatini nitaiweka. Akaizungusha vidoleni. Kisha akanipa. Sikumuuliza mara ya pili. Niliifunga, na mitandao ikajaa kwenye skrini kama watu waliokuwa nje wakisubiri kufunguliwa.

Tulipompata, mtaalamu alikuwa ameshajiandaa kumwita mgonjwa mwingine. Nilitaka kumweleza yote mimi, nikajizuia, nikasogeza kipaza sauti kwa Baba. Plasta tuliiacha kwenye kamera. Alimweleza mwenyewe. Ilichukua karibu muda wote uliobaki, na yule mama hakumdakia hata herufi moja. Baba alipomaliza, mtaalamu akamwambia amesema sentensi ndefu kuliko zote tangu waanze, nafasi yake haiendi popote, na zoezi lake la wiki ni moja tu: ampigie tena binti yake.

Kwa hiyo atakupigia Jumamosi mchana, akishapumzika. Skrini yako itakuwa nyeusi. Utasikia pumzi, labda na kiti kinalia. Pokea, sema uko hapo, kisha nyamaza. Usimtajie hilo jina la Kengele, mwache alitoe mwenyewe. Usimuulize kama anasikia, anasikia. Akikwama katikati ya neno usimmalizie, hata kama unalijua, hata kama machozi yanakutoka. Na hata kimya kikirefuka mpaka ukahisi hakuna mtu, usikate.

Tangu siku ile silali vizuri. Nimeizuia kompyuta isijisasishe, antena naiangalia kila nikipita, naogopa umeme kukatika, naogopa mwenzake shemeji asije akachelewa na barua hii ikakufikia Jumapili. Ikikufikia mapema, nitumie ujumbe wenye neno moja tu, “Nimesoma”, nijue.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na umbusu yule mwenye kifua. Mama Mapazia anakusalimu sana, anasema mpaka leo hajui yule bibi harusi wa kwenye tamthilia aliolewa na nani. Baba hajui kwamba nakuandikia. Yuko chumbani, mlango ameurudishia, na kutoka hapa mezani namsikia anajaribu: Ke, Ke, Ke. Kuna wakati linatoka zima.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi