Nyanya, Hatutazika Mgomba

Nyanya yangu mpendwa,

Kaa vizuri kwanza, maana nikitaja jina la Barasa utataka kuinuka. Mwanao huyo anataka kumzika babu. Amepanga iwe Desemba, watu wakiwa nyumbani kwa likizo, na ameshaongea na mchungaji na wenye hema. Kwa kuwa babu mwenyewe hayupo, watakata shina la mgomba, walivishe shuka, wasome jina lake na kulifukia kando yako. Ndiyo, pale pale ulipotuambia tupaache wazi.

Mimi nimekataa. Nakuandikia ujue kwamba nimekataa, na ujue pia nilichokipata, ingawa sehemu yake hutaipenda.

Nimeishi Johannesburg muda mrefu sasa, hata taa za barabarani naziita roboti bila kujicheka. Lakini bado nakuona vizuri tukichambua maharagwe kwenye ungo, wewe ukinisimulia habari za babu kana kwamba zilitokea juzi. Aliondoka na askari wa keya, jeshi la Waingereza, wakati baba yangu ulikuwa unambeba mgongoni na Barasa yumo tumboni. Vita vilipokwisha, mwenzake wa kikosi alikuja kukuambia kwamba alimwona kwa macho yake huko Burma, Wajapani wamemfunga mikono, wanamvusha mto. Baada ya hapo hakuona kitu.

Ulikwenda kwa DC kwa miguu. Karani akakuambia mumeo amepotea. Ulinisimulia jibu lako mara nyingi, na kila mara ulikuwa unaacha maharagwe ili mikono yako iseme pia: "Mimi nimepoteza mbuzi, nimepoteza jembe. Mume sijampoteza. Mlimchukua nyinyi, kwa hiyo mnajua mlipomweka." Ulifukuzwa. Ukarudi baada ya mavuno, na baada ya mavuno mengine, mpaka karani akawa anaingia chumba cha nyuma akikuona langoni.

Halafu wazee wakaamua mambo yaishe. Kwetu mtu akipotelea mbali huzikwa mgomba badala yake, kisha mjane hunyolewa, hulia, na ndugu wa marehemu humrithi. Walichimba shimo nyuma ya nyumba yako. Uliingia ndani ya shimo hilo na Barasa mgongoni, ukakaa chini. Hukupiga kelele wala hukumtukana mtu. Ulikaa tu, jua likawa kali, mtoto akaanza kulia, na wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakidai wana shughuli. Mgomba waliuacha hapo hapo. Jioni uliukatakata ukampa ng'ombe.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hicho ndicho kisa kikubwa. Nimekuja kuelewa kwamba kikubwa zaidi kilikuwa kile cha firigisi.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke akimwekea mwanamume firigisi kwenye sahani, amesema yote, hakuna haja ya mashahidi. Shemeji yako Makokha alilijua hilo, ndiyo maana kila kuku alipolia kwako yeye alikuwa ameshafika na kiti chake. Ulimpa paja. Ulimpa shingo na mgongo, ukamwongezea mchuzi kwa adabu zote. Firigisi ulikula mwenyewe, mbele yake, ukitafuna polepole. Wanawake wa kijiji walisema utaota ndevu. Hata Makokha alipokwisha kufa hukuacha, na mimi niliyeyaona hayo kwa macho yangu niliwahi kukuuliza kwa nini.

"Namshikia nafasi," ulisema. "Nikimpa mwingine, huyu akirudi atakaa wapi?"

Hukunyoa nywele. Hukuvaa nguo za ujane, hukulia hata siku moja, kwa sababu uliona kulia ni kukubali. Kwenye mazishi yako mchungaji alipofika mahali palipoandikwa "mjane", nilimkatiza mbele ya watu wote nikamwambia asome "mke". Barasa alinitazama kama anayetaka nami nizikwe siku hiyo hiyo. Sijajuta.

Nimemtafuta, Nyanya. Hapa Johannesburg kuna watu ambao baba zao walikuwa wafungwa wa Wajapani, wengi ni watoto wa wazungu waliohamia huku baada ya vita. Hukutana kila mwaka kwenye ukumbi wa kanisa, wakasoma majina na kunywa chai. Nilikwenda. Mzee mmoja mpole, aliyekuwa akiongoza, aliniambia kwamba kwa kadiri anavyojua hapakuwa na Waafrika kwenye kambi zile. Nikamuuliza kama babu yangu alivushwa mto na Wajapani akiwa amefungwa mikono ili akatembee. Aliniongezea chai, maskini. Wakati wa majina ulipofika, nilisimama bila kuitwa nikalitaja la babu, Simiyu, kwa sauti yako, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Hakuna aliyeninyamazisha. Lakini nilirudi nyumbani na jina lile lile nililokwenda nalo.

Ndipo Barasa akapiga simu.

"Nekesa, mimi nimezeeka," alisema. "Baba yangu sijawahi kumwona hata kwa picha. Vile nilikuwa mdogo watoto waliniita mtoto wa hewa, na mama yuko hapo anatafuna firigisi. Wacha nipate tu mahali pa kusimama niseme baba yangu yuko hapa."

Usininunie kwa hili. Wewe ulipambana na wazee waliotaka kukurithi, na hao ni rahisi kuwachukia. Mimi nilikuwa napambana na mzee anayelia kwenye simu. Nilinyamaza, naye akahesabu kimya changu kuwa ndiyo. Wanawake wa ukoo wakakubaliana sare ya zambarau. Nikanunua kitambaa, nikakipeleka kwa Mama Kalenga.

Huyu Mama Kalenga ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ana chumba chake cha kushonea mtaa wa Troyeville, na amenishonea tangu nilipofika mji huu. Ni mwanamke wa kucheka na kusema. Alianza kunipima mabega huku pini zimejaa mdomoni.

"Hii ni ya kilio?"

"Ya babu yangu."

"Pole, dada. Alikufa lini?"

Nikamweleza yote, keya, Burma, Wajapani, mto.

"Sasa mutazika nini, kama mutu haiko?"

"Mgomba."

Alitoa pini zote mdomoni. Nilidhani ataanza kucheka, nikajiandaa kukasirika, kwa sababu mimi naweza kuicheka mila yetu lakini sipendi mgeni aicheke.

"Nkambo yangu alikuwaka kule," alisema. Nkambo kwao ni babu. "Birmanie. Babelgiji balimutuma, alikuwa infirmier ku hôpital ya basoda."

Sikujua kwamba Wakongo nao walifika Burma kuwauguza askari majeruhi. Aliendelea kusema huku akikunja utepe wake wa kupimia.

"Alikuwa anatuambiaka juu ya mugonjwa moja, musoda ya kwenu, ya Kenya. Bajapani balikuwa bamemufunga, kisha Baingereza bakamutosha mu mikono yabo. Balimuleta mifupa tu. Nkambo akamupa supu ya kuku. Ule mutu akakoroga supu na kijiko, akakoroga, akauliza: 'Firigisi iko wapi?' Bagonjwa bote bakacheka. Yeye hakucheka. Akasema: 'Basi, najua kwenye iko. Bibi yangu ameiweka. Hawezi kupa mwanaume mwingine.'"

Mama Kalenga mwenyewe alikuwa anacheka. Kwao kilikuwa kisa cha kuchekesha watoto. Kila siku ya kuku walikuwa wanamwigiza mgonjwa huyo mezani, na babu yao alicheka mpaka machozi, kisha akasukuma sahani yake pembeni. Mama Kalenga alipoinua macho akaniona, akaacha kucheka.

"Dada, nimesema mubaya?"

Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la nguo za watu, zingine zimeshapigwa pasi. Nilimuuliza jina la mgonjwa. Hakulijua. Nyumbani kwao aliitwa Bwana Firigisi, basi. Tukampigia simu baba yake aliyeko Lubumbashi, mzee sana, anayesikia kwa shida. Naye hakuwa na jina, lakini alikuwa na mwisho.

"Alikufa, mama," alisema. "Tumbo yake ilishindwa kurudilia chakula. Lakini alikufia mu kitanda, hapana kule kwa Bajapani. Baba alimushika mukono. Akamuosha yeye mwenyewe. Basoda ba kwenu bakamuzika, bakamuimbia."

Nilimwambia Mama Kalenga asikate kitambaa.

Nilimpigia Barasa siku hiyo hiyo, nikiwa bado nimesimama nje ya duka, teksi zikipiga honi na muuza nyanya akinitazama kwa huruma. Nilimweleza polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo unajua si kawaida yake.

"Nekesa," alisema, "Waluhya walienda Burma wengi. Kila mmoja angeuliza firigisi."

Nilicheka, Nyanya. Angalau katika hilo ana haki.

"Na kila bwana angesema bibi yake amemwekea," akaongeza.

"Kila bwana angesema," nilimjibu. "Ni bibi yupi aliyefanya?"

Barasa alijua jibu. Yeye alikuwepo. Alikuwa mtoto, amekaa na sahani yake, anakutazama unatafuna.

Sina ushahidi, na wewe sikudanganyi. Huenda mgonjwa yule alikuwa mume wa mwanamke mwingine kabisa, wa kijiji nisichokijua, naye alimwekea pia. Nimelifikiria hilo nikiwa kazini, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani mchungaji akihubiri mambo mengine. Lakini nimeshaambiwa mengi na watu wenye uhakika. Karani alikuwa na uhakika babu amepotea. Wazee walikuwa na uhakika wa mgomba wao, na yule mzee wa ukumbini alikuwa na uhakika hapakuwa na mtu kama babu. Mimi nimepewa sahani ya supu na swali moja, na ndani yake namwona mume wako mzima mzima, na ujeuri wake ninaoujua kwako. Namchukua. Anayetaka kuninyang'anya aje na babu mwingine.

Nilimwambia Barasa kwamba huyu alishazikwa, alizikwa na watu waliomjua hata kama hawakulishika jina lake, na hatuna ruhusa ya kumzika tena kwa sura ya ndizi. Nikamwambia wakichimba nitaingia shimoni kama mama yake, na mimi ni mnene kuliko mama yake, kunitoa itakuwa kazi.

Alicheka kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Huyo Mkongo alimshika mkono hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

"Na alimwosha."

"Alimwosha."

Nilimsikia anapenga kamasi. Akaniambia nisubiri, akaweka simu chini, na kwa muda mrefu nilisikia kuku wake tu. Aliporudi alisema watu ameshawaalika na hema limeshalipiwa, kwa hiyo watakuja. Lakini shimo halitachimbwa. Tutasimama kando yako, nafasi ile ikiwa wazi ulivyoiacha, na Barasa atawaambia watu baba yake alikufia wapi na nani alimwosha. Ameniomba nimtafutie jina kamili la yule Mkongo ili alitaje. Nimeshampa. Mama Kalenga amesema kama Mungu akipenda atakuja Kenya mwenyewe, na kwamba tusimpe supu.

Sasa ile sehemu ambayo hutaipenda.

Amekufa, Nyanya. Hilo ni neno ambalo hukuruhusu litamkwe ndani ya nyumba yako, na mimi niliyekulinda nalo hata juu ya jeneza lako ndiye ninayekuletea. Ulipokuwa unamkimbiza karani, babu alikuwa ameshakufa. Ulipokaa shimoni, alikuwa ameshazikwa na kuimbiwa. Wazee walikisia kifo wakapatia, na sitawapa zaidi ya hapo. Hawakuwa na haki ya machozi yako, wala ya nywele zako, wala ya kile kipande cha nyama. Walitaka ulie upesi ili wagawane vilivyokuwa vyako, ukawanyima, na nafurahi uliwanyima. Ningekuwa nimezaliwa wakati ule ningekaa nawe shimoni.

Leo hakuna anayekuharakisha. Lia ukitaka. Usipotaka, nitalia mimi, nimeshaanza. Yule mwanamume alifungwa, akashindishwa njaa, akatolewa akiwa mifupa, na kitu alichokuwa bado anakijua kwa hakika ni wewe. Hukukosea kuhusu chochote isipokuwa kurudi kwake. Wewe ni mjane, Nyanya, lakini ni mjane wa mtu.

Pumzika sasa. Ubishi niachie mimi.

Mjukuu wako,
Nekesa