Mama Hajafa, Lakini Kule Rubaya Wamemaliza Kumulilia

Mama Athanasie,

Nakuandikia kwa kalamu ya Bic juu simu yangu sasa iko ya kupiga tu, na naomba unisaidie mbele mwezi wa tano uishe, kisha hapo msaada hautanifaa kitu. Jina langu ni Kétsia, niko na miaka makumi mbili na tano, nauza mu duka ya marehemu baba hapa Kashebere, sabuni, chumvi, betri za tochi, na naishi na mama yangu, Mama Pétronille, mwenye miaka makumi sita na mbili na ugonjwa wa tansio, damu kupanda. Ukitaka kuandika majina yetu ku ukurasa wako wa gazeti, andika tu, mama hasomi gazeti, anasomaka kitabu cha nyimbo peke yake.

Mimi nilikuwa muntu wa Facebook na WhatsApp, na sisemi kidogo, muntu angeweza kuniomba chumvi mara tatu na mimi nainama ku simu najibu watu nisiowajua. Mwezi wa tatu nilichukua picha za zamani za mama, zile alizokimbia nazo mu vita ya 93 zimefungwa mu sashe ya plastiki chini ya kitenge, sufuria aliacha, mashini ya kushona aliacha, lakini picha alibeba, na mimi bila kumuomba ruhusa nikazipiga moja moja na simu, nikaanza kuzipandisha ku mitandao juu watu wanapenda vitu vya zamani. Moja ilinipendeza kupita zingine. Mama iko kijana, amesimama mbele ya nyumba ya wafugaji kule milima ya Rubaya, baba iko pembeni yake, na kando ya baba kijana murefu mwenye fimbo ya ng'ombe, na huyo kijana njo amebeba mutoto muchanga. Kijana sikumujua. Mutoto nilifikiri ni wa jirani. Siku ya Mungu asubuhi nikatoa rangi yote, picha ikawa nyeusi na nyeupe, nikaandika chini, "Wazee wetu, tutawakumbuka siku zote," nikaiweka ku status na ku Facebook, nikaenda misa.

Mama Athanasie, unajua kwetu picha ya muzee ikipanda bila rangi na maneno ya namna hiyo, hakuna anayeuliza maswali. Niliporudi misa watu karibu mia mbili walikuwa wameandika pole. Saa nane wamama wa kikundi cha parokia wakafika na mikeka, mumoja na unga wa kupika bukari mu beseni ku kichwa, wanalia toka barabarani, na wakamukuta mama mulangoni anachambua maharagi. Mama akasimama akauliza, "Nani amekufa?" Wakashusha mikeka chini. Kisha mumoja akasema, "Mama, ni wewe." Mama alicheka mpaka akakaa chini, akawapikia bukari ya unga wao wenyewe, wakala, wakasali kidogo, wakabeba mikeka yao. Lakini walipoenda hakucheka tena. Aliniambia, "Unanionyesha kwa watu wasionijua, na wewe mwenyewe haujui mule ndani ni nani na nani."

Hiyo ilinichoma sana, na siku iliyofuata nikafuta Facebook, nikafuta WhatsApp, nikaambia kila muntu nimetoka ku mitandao juu ya mama, ili tuangalie picha kwa mikono yetu. Na tunafanya hivyo kweli. Kila saa kumi, watu wakipunguka mu duka, tunaketi mulangoni na ile sashe na mama ananieleza. Nimejua kwamba kwenye picha ya studio baba amekunja uso juu viatu ni vya mupiga picha na vilikuwa vidogo, alisimama na vidole vimekunjwa ndani. Nimejua kwamba robe, gauni ya ndoa ya shangazi Marie ilivaliwa na mabibi-arusi watatu mwezi ule mumoja, na mama njo alikuwa anaifungua na kuishona upya kila juma kufuatana na unene wa bibi-arusi. Ku Facebook ningeweka moyo mwekundu tu nikapita. Lakini tukifika ku ile picha ya Rubaya, mama anaigeuza uso chini na kusema, "Hii tuiache."

Sasa nikuambie shida yenyewe. Nilidanganya watu. Sikutoka ku mitandao juu ya mama, nilikimbia audio. Ile asubuhi, mbele nifute, namba nisiyoijua ilinitumia sauti ya dakika sita, muzee analia. Anasema anaitwa Habiyaremye, yeye njo yule kijana mwenye fimbo, picha imemufikia Rubaya kupitia mukwe wake, na wao na majirani wamekwisha kumuombea mama misa. Halafu anasema ule mutoto mwanaume aliyebeba ni wa Mbusa na Pétronille, ni wa baba yangu na mama yangu, wa kwanza wao, alikufa kwa homa 93 barabara zote zimefungwa na vita, akamuzika nao mu malisho ya ng'ombe zake, na siku iliyofuata wazazi wakakimbilia Itebero, mbele ya kuhamia huku Kashebere. Anasema miaka yote hii amezungusha miti ku kaburi ng'ombe zisikanyage, na yeye pia akikimbia, akirudi anaanza na ile miti. Sasa ng'ombe zimekwisha na vita, yeye anahamia kwa binti yake, malisho yamenunuliwa na watu wa kuchimba madini, na mwezi wa sita wanaanza mashimo. Maneno yake ya mwisho nayajua kwa kichwa: "Mama yenu akiwa muzima nisingekubali muntu aguse pale. Sasa amekwenda, nauliza ninyi watoto. Tumutoe tumulete alale na mama yake, ao tumuache? Nitangojea neno lenu mpaka mwisho wa mwezi wa tano."

Alale na mama yake! Na mama iko ndani anakaanga ndizi. Nilizima simu. Namba nilikuwa nimeiandika ku kifuniko cha kaye, daftari ya madeni ya duka, nikaweka katoni ya sabuni juu yake, na mpaka leo sijamujibu.

Nilimupigia kaka yangu peke yake, anafanya usafiri Butembo, anaitwa Kambale. Akawaka moto. Akasema, "Muzaliwa wa kwanza ku nyumba hii ni mimi, huyo muzee anatafuta kitu, na mama ukimuambia na tansio yake utamuua kweli sasa. Mujibu aache, yaishe." Lakini Mama Athanasie, sisi Wanande tunapewa majina kufuata kuzaliwa, kijana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, na Kambale ni wa pili. Toka ku shule walimu walikuwa wanamuuliza kaka, "Na Paluku wenu iko wapi?" Mama tukimuuliza alijibu tu, "Njo jina yake," na sisi tukafikiri baba alimupa jina ya mudogo wake, tukazoea.

Nifanye nini? Nimuambie mama na pengine aanguke, ao nimujibu muzee mwenyewe kwa jina la watoto, ao nifuate kaka? Leo iko tarehe kumi na sijalala vizuri toka mwezi wa tatu.

Kétsia, Kashebere

*

Kétsia,

Barua yako imefika tarehe kumi na tatu na nimeipitisha mbele ya zingine zote, wenye kungoja wanisamehe, wao hawana mwezi wa sita.

Nikugombeze kwanza, kisha tutaongea vizuri. Kutoka ku mitandao ni haki yako, na zile saa kumi zenu mulangoni ni kitu kizuri kabisa, usiziache. Lakini ulitoka namna gani? Uliweka mama yako mufu mbele ya watu, ukafunga mulango ukaenda. Haukuandika ata maneno matatu, "Mama iko muzima." Ulifuta akaunti, haukufuta kilio. Kashebere wanajua juu walimukuta na maharagi yake, lakini Rubaya wanaendelea kumuombea, na muzee mumoja ana miezi miwili anangoja jibu la watoto wenye adabu. Wewe umeweka sabuni juu ya namba yake. Kétsia, sabuni!

Mimi nimezaliwa Masisi, upande ule ule wa Rubaya, ku nyumba ya wafugaji, acha nikuambie kitu ambacho muntu wa duka hawezi kujua. Ng'ombe anapenda kujikuna. Ukisimika miti katikati ya malisho, atajikuna pale mpaka ilale chini, na kila mvua unaanza upya. Huyo Habiyaremye amesimika miti kwa mutoto asiye wake kila mwaka, mu vita, na mikono yake, na hakuna aliyemupigia makofi. Kaka yako akisema tena anatafuta kitu, umuambie mimi nimesema anyamaze kidogo.

Na kaka yako usimukasirikie sana. Simu moja tu imemutoa ku kiti alichokalia maisha yake yote, ni lazima apige kelele. Zitapita. Lakini kaburi si lake, na si lako pia. Liko na mwenyewe, na mwenyewe anakaanga ndizi.

Tunakuja ku tansio. Wamama walifika kwa mama yako wanamulilia yeye mwenyewe, kilio chake, mikeka yake, unga wake, na alifanya nini? Alicheka akawapikia. Huyo si muntu wa kuanguka kwa neno. Naona ile tansio imekuwa shuka ya kufunikia woga wako, na nakuelewa, maana ukimuambia habari ya mutoto itabidi umuambie pia namna habari ilivyofika. Utaona haya. Ona haya, haiuwi.

Basi sikiliza, ufanye hivi. Leo, ukimaliza kusoma, piga ile namba. Usitume ujumbe, usimutume mwengine, piga mwenyewe. Neno la kwanza liwe, "Papa, mama iko muzima, mimi njo nilikosa." Atalia tena, mungoje. Kisha umuombe jambo moja tu, muntu asiguse pale mpaka mama aseme. Usikate shauri lolote kwa jina la watoto, wala la kutoa wala la kuacha. Na ile picha usiirudishe ku grupe yoyote ata kwa nia nzuri ya kutangaza habari njema, imetembea vya kutosha, na siku hizi hatujui nani anaangalia muntu wa kabila gani amesimama na wa kabila gani. Wala usipande moto, pikipiki, kwenda Rubaya kwa haraka ya majuto. Wanaopita ile barabara kila siku njo watakuambia inapitika ao hapana.

Kwa mama, fanya kesho asubuhi umupeleke ku kituo cha afya wamupime, ameze dawa yake, ale. Umuombe mumoja wa wale wamama wa mikeka awe karibu, wanadai mama yako kilio, wamukalie basi akiwa muzima. Saa kumi muketi mulangoni kama desturi yenu. Safari hii wewe njo utoe ile picha, uiweke ku magoti yake uso juu. Usimuulize kitu. Sema, "Mama, Habiyaremye iko muzima, na ile miti bado imesimama." Kisha unyamaze. Najua kunyamaza kunakusumbua, muntu wa mitandao, lakini unyamaze. Akilia, alie. Akiigeuza tena chini, uiache ata siku mbili, kungali wakati kidogo. Akiuliza umejuaje, umueleze yote, audio, sabuni, yote. Akigomba, upokee. Na akiwa tayari, piga namba umupe simu, uende ku duka upange betri zako. Watakayosemezana wale wawili si ya masikio yako. Mama akitaka mutoto aletwe Kashebere, mutatafuta padri na watu wa kusafiri. Akitaka aachwe, ataachwa na mama yake aliyekubali, si na binti aliyenyamaza.

Kitu kimoja nimekiacha mwisho juu nilisoma barua yako mara mbili ndiyo nikakiona. Unafikiri mama yako alimuficha yule mutoto. Angalia vizuri. Alifika Itebero bila mutoto mikononi, akapata kijana mwengine, na hakuna aliyemujua kule. Angeweza kuanza hesabu upya, kumuita huyo Paluku na kumaliza. Alimuita Kambale. Kila siku alipotoka mulangoni kumuita kaka yako aje kula, alikuwa anatangaza kwa sauti kwamba iko mwengine mbele yake. Walimu walisikia. Ni ninyi wawili tu hamukusikia.

Kwa hiyo Paluku, ao Mumbere, tayari tunamujua. Jina lake la ubatizo muulize mama, uliandike nyuma ya picha kwa krayoni. Na kaka yako mupigie simu aje, asimame pale wakati mama analitaja.

Mama Athanasie